Besi Ndani ya Nyumba Isiyo na Paa

Niliitambua kona kabla sijawatambua watu. Naserian alinipokea mlangoni, akanishika mkono na kuniingiza sebuleni kwa mama yake huko Isinya, akinitajia majina ya wageni waliokuja kula chakula cha mchana na kumshukuru Mungu kwa ajili ya huyo mama aliyetimiza miaka sabini na mitano. Niliitikia kila jina kwa adabu, ila macho yangu yalikuwa yamekwama kwenye pembe ya kulia, pale ukuta wa dirisha unapokutana na ukuta wa nyuma. Siku hizi pana kabati la vyombo lenye milango ya vioo, na juu yake picha ya harusi ya Naserian. Mara ya mwisho niliposimama pale hapakuwa na kabati, wala dirisha, wala paa. Palikuwa na mawe matupu yaliyofika usawa wa lenta, pale juu ya tundu la dirisha, rundo la mchanga, na mimi wa miaka ishirini na mitatu nikiwa nimening'iniza gita la besi begani. "Mbona unaangalia kabati ya mama hivyo?" Naserian aliniuliza. Nikamwambia ninaangalia nyumba yangu ya zamani, akacheka sana, maana yeye ni mmoja wa watu wachache wanaojua kwamba sikuwa natania.

Mwangi alikuwa tayari amekaa karibu na dirisha, sahani magotini, kifaa cha kusikilizia kikiwa kimechomekwa sikio la kushoto. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi yetu. Lemayian, mpiga ngoma wetu, ambaye ni binamu ya Naserian, alikuwa nje akisimamia nyama, na Odhiambo, aliyekuwa akiimba na kupiga gita la rithimu, alituma salamu kutoka Kisumu. Nilimwamkia Mwangi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza kama bado napiga. Nikamwambia kila Jumapili kanisani, na harusi zikitokea. Alitikisa kichwa akatazama sahani yake kwa muda mrefu kuliko sahani ya pilau inavyostahili. Ni lazima nieleze kwamba kuna sentensi moja aliyoniambia jioni ya harusi ya Naserian ambayo nimetembea nayo tangu siku hiyo. Kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba nilibaki na besi yangu kwa sababu tu kuna mtu mmoja ambaye hakufika mahali alipotarajiwa.

Kuhusu kwetu sina mengi ya kusimulia. Tulitoka magharibi, baba alikuwa mtu wa mshahara, tukakodi nyumba Kitengela kama wengine wengi, basi. Ninachotaka kuandika ni mwaka mmoja tu, ule mwaka wa ukame ambapo simu za mkono zilikuwa zimefika Kitengela lakini hazijafika mifukoni mwetu, na ng'ombe walikuwa wakipita katikati ya mji wakielekea kokote kulikosemekana kuna nyasi. Nilikuwa nauza katika duka la Mwangi la dawa za mifugo na chakula cha kuku. Kuanzia asubuhi hadi saa kumi alikuwa mwajiri wangu, akinikemea kwa kupima mash ya kuku kwa mkono wa ukarimu, na kuanzia saa kumi tulifunga kaunta, tukaingia stoo ya mabati nyuma ya duka, naye akawa mpiga solo na kiongozi wa bendi iliyobadilisha jina kulingana na anayetualika. Mpiga besi wetu wa kwanza alikuwa amepata kazi kwenye shamba la maua akaliacha gita la bendi likining'inia kwenye msumari. Mimi nilikuwa wa kuitikia nyimbo. Lakini kila nilipofagia stoo nilikuwa nikilishusha lile gita, nikalijaribu kidogo, nikalirudisha kabla vumbi halijatulia, mpaka siku Mwangi aliponikuta na badala ya kunikemea akasema, "Haya, shika hiyo kwa muda, tukitafuta mtu."

Lilikuwa gita la rangi ya kahawia, zito kama mtoto aliyelala, na lilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti na kimoja cha toni. Cha toni nilikiweka juu kabisa, mahali ambapo besi inatoa ule mlio mkali wa kukwaruza, kwa sababu nilitaka kila mtu asikie kidole changu kinapogusa uzi. Na nilipenda kukimbia. Palipohitaji noti mbili niliweka saba, na zile tano za ziada zilikuwa za kuwajulisha watu kwamba ni mimi. Wachungaji waliokuja kununua dawa ya kupe walisimama mlangoni mwa stoo wakiegemea fimbo zao, tukaamkiana kwa Kimaa, "sopa" na "epa", wakatusikiliza kwa heshima ileile wanayompa ng'ombe wa mtu mwingine, kisha wakaenda zao. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeijua nikiimba. Nikiimba watu walinitazama usoni. Nikipiga besi walianza kutikisa miguu kabla hawajajua wanatikiswa na nini, na sijui kama kuna kitu kingine duniani kinachompa mtu wa kawaida uwezo wa namna hiyo.

Halafu siku moja, nikiwa napima chakula cha vifaranga upande wa pili wa mabati, nikamsikia Odhiambo akizungumza na Mwangi kwenye chai. "Baba Wambui, huyu msichana ni wa maiki," alisema. "Sauti iko. Lakini besi? Watu wataangalia msichana, hawatasikia besi." Mwangi akauliza, "Na si anajifunza?" Odhiambo akamjibu, "Sasa atajifunzia kwa harusi ya watu?" Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni. Kisha Mwangi akasema, polepole, kwa ile sauti ya kumwambia mteja kwamba ng'ombe wake hatapona: "Kuna jamaa wa Nairobi nimeongea na yeye. Atakuja Isinya hiyo Jumamosi ya harusi na gita yake. Nafula akishika kazi, sawa. Asiposhika, huyo jamaa anaingia baada ya chakula, na Nafula anachukua maiki." Nilibaki nimeshika kijiko cha kupimia hewani. Najua watu wengi wangeona kupewa maiki ni kupandishwa cheo. Mimi nilijificha nyuma ya magunia ya pumba nikalia, kisha nikajipangusa vumbi usoni na kurudi kaunta, kwa sababu kulikuwa na mama anasubiri vifaranga wake wapate chakula.

Wiki hiyohiyo amplifaya ya zamani iliungua. Ilitoa moshi katikati ya wimbo wa kanisa, Lemayian akasema hata yenyewe imeokoka. Bendi ikakubaliana tununue nyingine, na Mwangi akanipeleka Nairobi. Duka lilikuwa jembamba, refu, lenye zulia ukutani na vyombo vimepangwa hadi darini, na muuzaji alituwekea mbili sakafuni. Ya kwanza ilikuwa kasha kubwa jeusi la mtumba, limechunika pembeni, lenye spika pana kama sinia la wageni, na kulibeba kulihitaji watu wawili. Ya pili ilikuwa mpya, ndogo, yenye mpini juu na taa za kijani zilizopanda na kushuka kila ulipogusa uzi. Niliijaribu ile ndogo na duka zima likatetemeka. Muuzaji akasema, "Dada, hii ni moto." Mwangi alikuwa amechuchumaa kwenye ile kubwa, akiipapasa. "Nafula, hii iko na kifua," alisema. "Lakini besi ni yako. Chagua wewe."

Nilichagua ndogo, na sitajifanya kwamba niliichagua kwa sababu ya sauti. Kila tulipokwenda kupiga mahali, Odhiambo alikuwa akinikimbilia, "Wacha nikusaidie, dada," akinitoa chombo mkononi, na kila aliponisaidia niliona jina langu likihama kidogo kuelekea maiki. Nilitaka amplifaya ninayoweza kuibeba peke yangu, kwa mkono mmoja, mbele ya watu, huku gita likiwa begani. Niliibeba kutoka lile duka mpaka stendi bila kubadilisha mkono, na Mwangi akitembea nyuma yangu. Kule stoo ilinguruma vizuri kama ilivyonguruma dukani. Kosa tulilofanya sote, watu ambao kazi yetu ilikuwa ya mahema na nyanda, lilikuwa kupima besi ndani ya chumba. Nimewafundisha vijana kadhaa tangu wakati huo, na jambo la kwanza ninalowaambia wakitaka kununua chombo ni wakitoe nje ya duka, wakisimamishe barabarani, ndipo wakisikilize.

Ijumaa kabla ya harusi tulichemsha nyuzi. Nyuzi mpya za besi hazikupatikana kirahisi, kwa hiyo zilipozeeka na kufa sauti, tulizifungua, tukazikunja kama tambi na kuzitia katika maji yanayochemka ili jasho na uchafu wa vidole vitoke. Sufuria ilikuwa ya mke wa Mwangi, Mama Wambui, na jiko lilikuwa lake pia. Aliingia akiwa na mboga mkononi, akachungulia maji yaliyokuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi. "Leo ni supu ya nyaya?" aliuliza. Mwangi akamwambia ni kwa ajili ya Isinya. "Sawa, lakini hiyo sufuria mtaisugua mpaka nione uso wangu." Akaketi kwenye kigoda karibu nami, akaanza kuchambua sukuma, na bila kuniangalia akasema kwa sauti ya chini, "Nafula, mimi nasikia kila kitu kwa hii nyumba. Kesho ukule kabla upige. Mtu wa njaa anakimbia." Tulikula ugali na maharagwe jioni hiyo, nyuzi zikiwa zimetandazwa kwenye kitambaa katikati ya meza kama mgeni, zikikauka.

Na hapo ndipo tulipofika, Jumamosi, kwenye uwanda wa Isinya. Baba ya Naserian alikuwa ameanza kujenga nyumba yake ya mawe kando ya boma, kuta zikafika kwenye lenta, kisha ukame ukaja na ujenzi ukasimama. Mahema ya harusi yalisimamishwa mbele ya kuta hizo. Watu walikuwa wamevaa vizuri kupita kiasi, shuka nyekundu na suti na shanga, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka barabarani, ukipita chini ya mahema, ukienda zake nyikani bila kizuizi. Nilibeba amplifaya yangu kwa mkono mmoja mbele ya wageni wote. Niliisimamisha kando ya ngoma za Lemayian, taa za kijani zikawaka, tukaanza wimbo wa kuwakaribisha maharusi, na besi haikuwepo. Taa zilipanda na kushuka kama kawaida, vidole vyangu vilikimbia kama kawaida, lakini sauti ilitoka kwenye spika ikachukuliwa na upepo kabla haijamfikia mtu. Niliongeza. Ikaanza kukoroma kama mzee mwenye mafua. Odhiambo aligeuka kunitazama. Mwangi hakugeuka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Bibi mmoja mzee, nyanya ya Naserian, masikio yamejaa shanga, aliinuka kwenye kiti chake cha mbele kabisa na kuja mpaka nilipokuwa. Alinitazama vidole, akatazama ile amplifaya, akamwambia Lemayian kitu kwa Kimaa. Lemayian alikuwa akipiga ngoma huku akijizuia kucheka. Wimbo ulipoisha nikamuuliza amesema nini. "Anauliza hiyo gita yako imeharibika, ama umemshikia tu mwenyewe, anakuja." Nilijua Lemayian hakuwa na nia mbaya, na huyo bibi pia hakujua chochote kuhusu jamaa wa Nairobi. Lakini maneno hayo yaliniingia kabisa. Tulipiga nyimbo mbili nyingine, kisha mshereheshaji akatangaza chakula na hotuba, na Mwangi akanikaribia akikung'uta vumbi mikononi. "Tukirudi," alisema, "tutaona vile tutapanga." Nikamwambia, "Sawa, Baba Wambui." Nilipowatazama wageni kwenye foleni ya chakula, nilikuwa nikimtafuta mtu mwenye gita. Sikumwona.

Nilichukua pilau yangu nikaenda kula mahali ambapo hakuna ambaye angenitazama, nyuma ya mlango wa ile nyumba isiyokamilika. Humo ndimo walimokuwa wameficha jenereta, ili kelele yake isiwasumbue wageni. Niliketi juu ya jiwe kwenye pembe ya kulia, nikaweka sahani magotini, na sahani ikatetemeka. Nikaiweka chini. Nikaegemea ukuta, ukuta nao ukanitetemesha mgongo. Mngurumo wa ile jenereta ulikuwa umejaa kile chumba kuanzia sakafuni, ukagonga mawe, ukajikusanya pembeni, ukatoka kwenye tundu la dirisha ukiwa mnene na wa duara kuliko ulivyoingia. Ghafla nikakumbuka kwamba wakati wote tukipiga, kitu kimoja nilichokuwa nikikisikia wazi kutoka mbele ya mahema kilikuwa hiki. Walikuwa wameificha kelele mahali pa kuikuza, na mimi nilikuwa nimeiweka besi mahali pa kuipoteza. Niliacha nusu ya pilau yangu kwenye jiwe, jambo ambalo mama yangu angelishangaa, nikakimbia kumwita Lemayian.

"Nisaidie kubeba," nilimwambia, na nafikiri ndiyo mara ya kwanza mwaka ule maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. Tulizima jenereta katikati ya hotuba ya mjomba mmoja, wageni wakapiga makofi wakidhani amemaliza. Tukaibeba nje, nyuma ya nyumba, mahali ambapo upepo ungeichukua kelele yake kuipeleka nyikani. Kisha tukaileta amplifaya na kuiingiza ndani, nikaitia kabisa katika ile kona, mgongo wake ukitazama makutano ya kuta mbili. Tatizo likawa waya. Waya wa gita ulikuwa mfupi, haungefika kwenye mahema hata kwa maombi. Lemayian alikuna kichwa. "Basi utapigia huku," alisema. "Utaniona mguu kwa dirisha. Wewe fuata mguu." Kwa hiyo mimi, niliyenunua chombo ili nionekane nikikibeba, niliingia ndani ya kuta nne zisizo na paa, nikasimama kwenye mchanga, na wageni wote wakabaki nje.

Nimepiga mahali pengi tangu hapo, lakini sijapata tena alasiri kama ile. Nilikuwa naona kipande kidogo tu cha dunia kupitia lile tundu: kiatu cha Lemayian kwenye kanyagio la ngoma, pindo la hema likipepea, na miguu ya watu. Juu yangu kulikuwa na anga tupu. Nilipogusa uzi wa kwanza, noti ilizunguka ukutani ikanipita mgongoni na kutoka nje, na nikaona ile miguu ikisimama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina, halafu ikaanza kutembea pamoja. Wimbo wa pili ulipoanza, mwanamume mmoja wa makamo mwenye kofia ya kahawia alikuja na sahani yake akaegemea tundu la dirisha, akala pilau akitazama vidole vyangu. Nilidhani ni mjomba wa bwana harusi. Alipomaliza kutafuna mfupa akasema, kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia, "Dada, punguza toni. Zungusha mpaka katikati. Halafu usikimbie, hawa watu hawaendi mahali." Sijui kwa nini nilimtii. Labda ni kwa sababu hakuwa amenicheka. Nilizungusha kitufe hadi katikati, ule mlio wa kukwaruza ukaondoka, na kilichobaki kilikuwa kizito na laini. Niliweka noti mbili mahali pa saba. Aliinua kidole kunionyesha hapo hapo, akabaki kwa nyimbo tatu nzima, kisha nilipotazama tena akawa ameondoka.

Aliyekuja baada yake ni nyanya ya Naserian. Hakuchungulia ndani. Aliweka kiganja chake nje ya ukuta, kwenye mawe, akakiacha hapo akisikilizia, na nikaona kupitia tundu shanga zake za masikioni zikitikisika pamoja nami. Alicheka peke yake. Kisha akaita wanawake wengine wawili, nao wakaweka viganja vyao. Jua lilipoanza kushuka na wageni wa mbali kuaga, Mwangi alikuja mlangoni akivingirisha waya mkononi. Nilikuwa nimeloa jasho na vumbi la saruji limenishika miguuni, na nilikuwa na furaha ya kutosha kufurika ile nyumba. Nilimngojea aseme. "Yule jamaa wa Nairobi hakuja," alisema, akitazama waya. "Basi endelea tu."

Hiyo ndiyo sentensi yenyewe. Niliendelea tu. Kesho yake nilichukua rangi ya kucha nyekundu, nikaweka nukta kwenye kile kitufe cha toni mahali alipokuwa amenielekeza yule mtu wa kofia, na nukta hiyo iko mpaka leo. Bendi ilidumu miaka sita, ile amplifaya tuliibadilisha kwa kubwa inayobebwa na watu wawili, na gita nililinunua kwa Mwangi alipofunga duka. Watu wamenisifu, na nashukuru. Lakini kila waliponisifu, kuna kasauti kadogo kalikuwa kakinikumbusha kwamba siku ya mtihani hapakuwa na mshindani. Mtu angesema, "Nafula, wewe ni mpiga besi," nami nikasikia moyoni, hakuja. Si uchungu mkubwa. Nilizoea kuishi nao kama mtu anavyozoea kiti kinachoyumba mguu mmoja.

Sasa turudi sebuleni. Nyama ilikuwa imeletwa, Lemayian akiigawa mwenyewe, na mtu mmoja akamwomba mama ya Naserian asimulie habari za nyumba hii, naye akaonyesha kona kwa kidole na kusema kwa fahari kwamba msingi wa nyumba yake ulibarikiwa na muziki. Watu wakanigeukia, nikaona haya. Mwangi akaweka sahani chini. "Nafula," akasema, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri, halafu akajirekebisha, akaishusha sauti. "Nafula, nilikudanganya. Yule jamaa alikuja."

Nilimwuliza jamaa gani, ingawa nilijua. "Alikuja saa tano. Gita ilikuwa kwa buti ya gari. Nilimwambia ngoja watu wakule, halafu nitakuonyesha mahali utasimama. Nikarudi nikapata nyinyi mmebeba jenereta. Alikuja kwako na sahani, hukumwona? Mtu wa kofia ya kahawia." Sebule ilikuwa na kelele za vijiko na watoto, nami nikasogeza kiti karibu naye. "Aliporudi nikamwambia haya, sasa toa gita," Mwangi akaendelea. "Akaniambia, Mwangi, hiyo besi iko na mwenyewe. Akafunga buti. Akaomba nyama ya kubeba, akaenda." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hii. Alivua kile kifaa cha sikioni, akakipangusa na leso, akakirudisha. "Niliona haya," alisema. "Nilikuwa nimeleta mtu akutoe mbele ya watu, halafu wewe ndio uliokoa harusi. Ningeanzia wapi? Na yeye mpaka leo tukiongea ananiuliza: yule dada wa dirishani bado anapiga?"

Nililia kidogo, nikiwa na mfupa wa mbuzi mkononi, na Naserian akaniletea kitambaa akidhani ni pilipili. Mwangi alikuwa tayari ametoa simu yake, akiisogeza mbali na macho ili aone namba. "Ongea na yeye," alisema, akanipa ikiwa inalia. Nilinyanyuka nikaenda kusimama kando ya kabati la vyombo, mgongo wangu ukigusa ukuta, kwa sababu sikuona mahali pengine panapofaa. Upande wa pili sauti ya mzee ikasema haloo, ikakohoa, ikasema haloo tena. Sikujua nianze na jina lipi. "Shikamoo, mzee," nikasema. "Ni yule wa dirishani, Isinya." Nikasikia redio yake ikipunguzwa.

"Marahaba, dada," akasema. "Na ile toni ulipunguza?"

"Nilipunguza," nikamwambia. "Sijawahi kuirudisha."